Juan Sebastián Verón: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likitajwa jina la Verón kwenye mabishano ya soka huku kwetu, hukosi mtu wa kudakia: "Si yule aliyefeli Manchester?" Mabishano huishia hapo. Majibu yaliyo hapa chini ni ya wale wanaotaka kuendelea. Maswali mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yamenishinda kufupisha.

Verón ni nani, kwa kifupi?

Ni kiungo wa Argentina aliyezaliwa La Plata tarehe 9 Machi 1975. La Plata ni makao makuu ya mkoa wa Buenos Aires, kama kilomita 60 kutoka jiji la Buenos Aires lenyewe. Utamkumbuka kwa upara na ndevu za kidevuni. Uwanjani kazi yake ilikuwa pasi. Kuna viungo wa kukaba na kuna wa kukimbia na mpira, lakini yeye alikuwa akipokea, anainua kichwa, na sekunde moja baadaye mpira uko upande wa pili wa uwanja, miguuni mwa mwenzake, tena mwenzake hajapunguza mwendo. Kona na mipira ya adhabu pia ilikuwa mali yake. Hizo kona zikumbuke, tutazirudia.

Kwa nini anaitwa Mchawi Mdogo?

Kwa Kihispania ni La Brujita, na jina hilo amerithi. Baba yake, Juan Ramón Verón, aliitwa La Bruja, yaani Mchawi. Halihusiani kabisa na kamati za ufundi tunazozijua sisi, zile za kumwaga vitu golini usiku wa kuamkia mechi. Mzee alikuwa winga wa kushoto wa Estudiantes de La Plata, timu iliyotwaa Copa Libertadores, ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, mara tatu mfululizo: 1968, 1969 na 1970.

Tarehe 16 Oktoba 1968 Estudiantes walikwenda Old Trafford kucheza marudiano ya Kombe la Mabara dhidi ya Manchester United, mabingwa wa Ulaya, timu ya Bobby Charlton, Denis Law na George Best. Nyumbani walikuwa wameshinda 1-0. Mechi haijachangamka vizuri, Mchawi akapiga kichwa, mpira wavuni. United walisawazisha mwishoni kabisa, ikawa 1-1, na kombe likapanda ndege kwenda Argentina. Miaka 33 baadaye United hao hao wakavunja benki kumnunua mtoto wa yule aliyewaliza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ila safari hii nyoka alitolewa pesa.

Alichezea timu ngapi?

Kwa mpangilio: Estudiantes, Boca Juniors, Sampdoria, Parma, Lazio, Manchester United, Chelsea, Inter Milan, kisha Estudiantes tena. Baadaye kidogo kukawa na Brandsen, timu ya ridhaa ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Kati ya 1996 na 2004 alivaa jezi za klabu saba tofauti katika nchi tatu. Hakuwahi kukaa Ulaya katika klabu moja zaidi ya misimu miwili. Kwa baba yake mambo yalikuwa tofauti kidogo: naye alicheza nje, lakini jina lake lilibaki limeshonwa kwenye jezi moja.

Alianzia wapi?

Estudiantes, palepale alipochezea baba. Na alianza vibaya. Alipanda timu ya wakubwa 1994, na mwaka huohuo timu ikashuka daraja. Wakacheza daraja la chini msimu wa 1994/95, wakalichukua na kurudi juu. Katika kikosi hicho alikuwemo pia Martín Palermo, mshambuliaji ambaye baadaye angekuja kuwa mfungaji wa kutisha wa Boca. Mkumbuke naye, maana atatokea tena mbele akiwa upande wa pili.

Ni kweli alicheza na Maradona?

Kweli. Mwaka 1996 alihamia Boca Juniors, na Diego alikuwa bado anacheza pale. Kocha alikuwa Carlos Bilardo, aliyeipa Argentina Kombe la Dunia 1986, na ambaye katika miaka ya sitini alikuwa kiungo wa Estudiantes pamoja na Verón mkubwa. Yaani kijana alikwenda Boca akamkuta mtu wa nyumbani. Alicheza mechi 17 tu za ligi na kufunga mabao 4, kisha Italia wakamwita.

Kwa nini alihamahama sana Italia?

Kwa sababu Italia ya wakati ule ndiyo iliyokuwa na pesa, na kila aliyemwona alimtaka. Sampdoria, klabu ya Genoa, walimchukua 1996. Kocha wao alikuwa Msweden Sven-Göran Eriksson, na nahodha wao alikuwa Roberto Mancini. Majina hayo mawili yataendelea kumfuata Verón kama kivuli: Eriksson alimwita tena Lazio, Mancini alicheza naye huko na baadaye akamfundisha Inter. Ukifuatilia uhamisho wake utagundua kwamba mara nyingi hakwenda kwa wageni, alikwenda kwa watu waliokwisha kumwona akipiga pasi.

Baada ya misimu miwili akaenda Parma, 1998. Parma ile acha tu. Golini Gianluigi Buffon, nyuma Lilian Thuram na Fabio Cannavaro, mbele Hernán Crespo na Enrico Chiesa. Klabu ya mji mdogo maarufu kwa jibini na nyama za kukausha, inayolishwa na pesa za kiwanda cha maziwa. Msimu huo mmoja wa Verón walitwaa Kombe la Italia na Kombe la UEFA. Fainali ya UEFA ilichezwa Moscow tarehe 12 Mei 1999, Marseille wakachapwa 3-0. Kiwanda kile cha maziwa baadaye kilifilisika kwa kashfa kubwa ya mahesabu na kuiburuza klabu, lakini Verón alikuwa ameondoka zamani.

Ubingwa wa Lazio ulipatikanaje?

Hapa naomba muda, kwa sababu sijaona ubingwa uliokuja kwa namna hii.

Lazio, klabu ya jiji la Roma, walimnunua majira ya joto ya 1999. Kabla ligi haijashika kasi, mwezi Agosti, waliifunga Manchester United 1-0 huko Monaco na kubeba Super Cup ya Ulaya, bao la Mchile Marcelo Salas. Kikosi kilikuwa na Alessandro Nesta nyuma, Pavel Nedvěd, Diego Simeone na Matías Almeyda katikati, na Mancini wa uzeeni. Katikati ya watu wote hao, mpira ulipita kwa Verón.

Hata hivyo, mechi nane kabla ya mwisho wa ligi Juventus walikuwa wanaongoza kwa pointi 9. Watu walikuwa wameshakata tamaa. Machi 25 ikaja dabi ya jiji dhidi ya majirani zao, AS Roma. Roma walitangulia kwa bao la Vincenzo Montella, Nedvěd akasawazisha, na Verón akamaliza kwa mpira wa adhabu, 2-1. Wiki moja baadaye Lazio walikwenda Turin kwa Juventus wenyewe, Verón akamimina krosi, Simeone akaipiga kichwa, 1-0. Pengo likaanza kuyeyuka.

Siku ya mwisho, tarehe 14 Mei 2000, Juventus walikuwa bado mbele kwa pointi 2. Lazio walikuwa nyumbani wakicheza na Reggina. Simone Inzaghi akafunga penalti, Verón akafunga penalti nyingine, Simeone la tatu. 3-0, kazi imekwisha. Lakini kule Perugia, ambako Juventus walikuwa wanacheza, mvua ilinyesha kama ya masika, uwanja ukawa bwawa, na mwamuzi Pierluigi Collina akasimamisha mechi kwa zaidi ya saa nzima. Mashabiki wa Lazio wakabaki Olimpico, uwanja wao, wengine wameingia hadi kwenye nyasi, masikio kwenye redio. Aliyewahi kukaa na redio ya mkulima akisikiliza mechi ya timu nyingine inayoamua hatima ya timu yake anaelewa hali ile. Hatimaye beki wa Perugia, Alessandro Calori, akafunga. Juventus wakalala 1-0, Lazio mabingwa kwa pointi 72 dhidi ya 71. Ulikuwa ubingwa wao wa pili katika historia yote, wa kwanza tangu 1974. Siku chache baadaye wakaongeza na Kombe la Italia.

Akiulizwa mtu Verón alikuwa bora lini, jibu ni msimu huu. Alikuwa na miaka 25.

Sakata la pasipoti lilikuwa nini?

Ligi ya Italia ilikuwa na kikomo cha wachezaji wasiotoka Umoja wa Ulaya, hivyo Mmarekani Kusini mwenye babu Mtaliano alikuwa na thamani ya ziada. Karibu na mwaka 2000 ikabainika kwamba baadhi ya nyaraka za ukoo za wachezaji kadhaa zilikuwa na kasoro, na uraia wa Verón wa Kiitaliano nao ukachunguzwa, kujua kama yule mzee wa ukoo wa Calabria aliyeandikwa kwenye makaratasi ndiye au siye. Chombo cha sheria cha soka cha Italia kilimwondolea makosa 2001. Wengine kama Álvaro Recoba wa Inter walifungiwa. Mwaka huohuo Verón akaiaga Italia.

Je, alifeli Manchester United?

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu langu: hakufikia bei yake, lakini "alifeli" ni neno la watu wasiokumbuka mechi.

United walimsajili Julai 2001 kwa pauni milioni 28.1. Hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kulipa kiasi hicho kwa mchezaji. Wakampa jezi namba 4. Alianza vizuri, na mwezi Septemba alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi. Tarehe 29 ya mwezi huo ndiyo ile mechi ya White Hart Lane, Tottenham wanaongoza 3-0 mapumziko, mechi inaisha United wameshinda 5-3. Bao la nne, lililowapa uongozi kwa mara ya kwanza, lilikuwa la Verón. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga, benchi la mbao, na mapumziko watu walianza kudai warudishiwe kiingilio. Waliotoka walijuta.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Kwanza nafasi. United ilikuwa na Roy Keane katikati na Paul Scholes pembeni yake, David Beckham kulia, Ryan Giggs kushoto. Wanne hao walikuwa wamezoeana kama vidole vya mkono, na miaka miwili kabla walikuwa wametwaa makombe matatu ndani ya msimu mmoja. Ili Verón aingie, kocha Alex Ferguson alimsogeza Scholes mbele, nyuma ya Ruud van Nistelrooy, na Scholes hakuipenda nafasi ile. Kitu kilichokuwa kinakwenda chenyewe kikaanza kufikiriwa. Pili ni kasi. Italia, kiungo akipokea mpira alikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Uingereza kabla hujainua kichwa mtu ameshakupitia. Si ajabu basi kwamba alionekana bora zaidi kwenye Ligi ya Mabingwa, ambako mchezo ulitulia, kuliko Jumamosi ugenini kwenye upepo na matope.

Msimu wa kwanza United walimaliza wa tatu na wakatolewa nusu fainali ya Ulaya na Bayer Leverkusen. Magazeti ya Uingereza yalihitaji mtu wa kubeba lawama, na mgeni wa bei ghali alikuwa tayari mkononi. Ferguson aliwahi kuwafokea waandishi kwa matusi akimtetea, na mkutano ukavunjika. Msimu wa pili, 2002/03, United walirudi kuwa mabingwa, na Verón ana medali yake.

Kuna jioni moja inayosahaulika. Aprili 2003, Old Trafford, marudiano dhidi ya Real Madrid. Ferguson alimweka Beckham benchi na kumwanzisha Verón. Ronaldo wa Brazil alifunga matatu, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Lakini bao la pili la United lilitokana na shuti la Verón lililomgonga Iván Helguera na kuingia. Dakika ya 63 Beckham aliingia, na aliyempisha ni Verón. Beckham akafunga mawili, 4-3, wakaaga mashindano. Kiangazi hicho wote wawili waliondoka.

Jumla yake United: mechi 82, mabao 11, ubingwa mmoja. Wapo waliopewa sanamu kwa pungufu ya hapo, ingawa si kwa pauni milioni 28.

Ninadhani kuna jambo linalotuhusu sisi watazamaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vibanda vyetu vilikuwa vinaonyesha soka ya Uingereza kuliko kitu kingine chochote. Serie A, ligi ya Italia, tuliipata kwa vipande, na soka ya Argentina hatukuipata kabisa. Kwa hiyo mtu aliyecheza karibu miaka ishirini tulimwona kwa miwili, kupitia dirisha moja, na tukatoa hukumu.

Na Chelsea?

Huko ndiko ambako neno "alifeli" linakaa vizuri. Roman Abramovich alikuwa ameinunua klabu kiangazi cha 2003 na alikuwa ananunua kila kinachopita. Verón alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, Anfield dhidi ya Liverpool, wakashinda 2-1. Baada ya hapo mgongo ukamsumbua, msimu ukamkimbia. Alicheza mechi 14 tu. Moja ya hizo ni nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ugenini kwa Monaco, ambako kocha Claudio Ranieri alimwingiza mwanzoni mwa kipindi cha pili akiwa hajapona kimchezo. Chelsea wakafungwa 3-1, na Ranieri akaandamwa kwa mabadiliko yake hadi leo.

Inter alipata nini?

Utulivu. Alikwenda kwa mkopo 2004, Mancini akiwa kocha. Vikombe viwili vya Italia, 2005 na 2006. Super Cup ya Italia 2005 waliichukua Turin kwa Juventus kwa bao 1-0 katika muda wa nyongeza, na mfungaji ni yeye. Ubingwa wa 2005/06 walikabidhiwa baada ya Juventus kunyang'anywa kwa ile kashfa ya waamuzi.

Kwa nini Waargentina wengi walimchukia wakati fulani?

Kwa sababu ya 2002. Ili uelewe, anza na 1998. Ufaransa, hatua ya 16 bora, Argentina dhidi ya Uingereza. Wako nyuma 2-1 karibu na mapumziko, wamepata mpira wa adhabu. Kila mtu anasubiri shuti. Verón akausukuma taratibu pembeni ya ukuta, Javier Zanetti akatokea nyuma, 2-2. Ikaenda matuta, Verón akafunga lake, Argentina wakapita. Shujaa.

Miaka minne baadaye Argentina ya Marcelo Bielsa ilikwenda Japani na Korea ikipewa nafasi kubwa kuliko wote. Roberto Ayala aliumia akipasha misuli kabla ya mechi ya kwanza, Verón akavaa kitambaa cha unahodha. Walimfunga Nigeria 1-0, wakafungwa na Uingereza 1-0 mjini Sapporo, wakatoka sare na Sweden, wakafungasha virago. Dhidi ya Uingereza Verón alitolewa mapumziko. Yeye alikuwa anachezea Manchester, bao la penalti alifunga Beckham, mwenzake wa klabuni. Nyumbani, nchi ikiwa imezama kwenye mtikisiko mkubwa wa uchumi, ilitosha watu kumwita msaliti. Mimi nasema ni upuuzi, lakini ulimkaa. Kombe la Dunia la 2006 hakuitwa.

Amewahi kuzifunga timu za Afrika?

Kuzifunga kwenye Kombe la Dunia, hapana. Kuziumiza, ndiyo, tena timu moja mara mbili kwa njia ileile. Kombe la Dunia 2002, Argentina na Nigeria: kona ya Verón, kichwa cha Gabriel Batistuta, 1-0. Kombe la Dunia 2010, Johannesburg, Argentina na Nigeria tena: kona ya Verón, kichwa cha Gabriel Heinze, 1-0. Katikati imepita miaka minane, vizazi viwili vya mabeki wa Nigeria, na kona ni ileile.

Hilo la Afrika Kusini lilikuwa Kombe lake la Dunia la mwisho. Kocha alikuwa Maradona, yule wa Boca. Verón alikuwa na miaka 35, na kambini alilala chumba kimoja na Lionel Messi. Safari iliishia robo fainali kwa kipigo cha 4-0 kutoka kwa Ujerumani.

Alirudi Estudiantes kumalizia mpira tu?

Ndivyo tulivyodhani. Mchezaji wa Amerika Kusini akirudi nyumbani akiwa na miaka 31, kawaida ni kuaga mashabiki na kula pensheni. Verón alirudi katikati ya 2006 na miezi sita haikuisha.

Oktoba walicheza na watani wao wa jadi, Gimnasia, majirani wa La Plata, wakawafunga 7-0. Sijakosea, saba. Desemba wakamaliza sawa na Boca kileleni ikabidi ichezwe mechi moja ya kuamua. Boca walitangulia, na aliyefunga ni Martín Palermo, yule kijana wa Estudiantes wa zamani. José Sosa akasawazisha, Mariano Pavone akafunga la ushindi, 2-1. Kocha wao alikuwa Diego Simeone, yule wa kichwa cha Turin, akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya ukocha. Estudiantes hawakuwa wameonja ubingwa wa ligi kuu tangu 1983.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2008 na 2009, mara mbili mfululizo, alichaguliwa mwanasoka bora wa Amerika Kusini, akiwa amevuka miaka 33. Tuzo kubwa kama hizo hakuwahi kuzipata Ulaya.

Libertadores ya 2009 ilikuwaje?

Baba alikuwa nayo mara tatu. Klabu haikuigusa tangu 1970. Kocha sasa ni Alejandro Sabella, mtu mpole aliyekuja baadaye kuifikisha Argentina fainali ya Kombe la Dunia 2014. Fainali dhidi ya Cruzeiro ya Brazil: suluhu La Plata, kisha marudiano Belo Horizonte tarehe 15 Julai, uwanja wa Mineirão umejaa bluu.

Cruzeiro walifunga mapema kipindi cha pili. Gastón Fernández akarudisha dakika chache baadaye. Kisha dakika ya 73, kona. Unajua anayepiga ni nani. Mauro Boselli akaruka, kichwa, 2-1. Filimbi ilipolia nahodha wa Estudiantes alikuwa mtu mwenye upara anayelia, na kwenye orodha ya mabingwa wa klabu hiyo likaingia tena jina la Verón, miaka 39 baada ya mara ya mwisho.

Ni kweli walikaribia kuifunga Barcelona ya Guardiola?

Walikuwa na dakika moja tu mbele yao. Desemba 19, 2009, Abu Dhabi, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Barcelona walikuwa wametwaa kila kitu mwaka huo. Boselli alifunga kabla ya mapumziko, na Estudiantes wakalinda bao hilo hadi dakika ya 89, Pedro akasawazisha. Muda wa nyongeza, Messi akausukuma mpira wavuni kwa kifua. 2-1. Verón alicheza pambano lile akiwa na miaka 34 dhidi ya Xavi na wenzake. Ukitaka kuona mtu akipambana na wakati wenyewe, tazama mechi hiyo.

Alitundika daluga mara ngapi?

Tuhesabu. Baada ya ubingwa mwingine wa ligi mwaka 2010, aliaga 2012. Akaenda kucheza Brandsen, ligi ya ridhaa ya La Plata. Mwaka 2013 akarudi Estudiantes. Akaaga tena 2014. Oktoba mwaka huo akachaguliwa rais wa klabu. Kisha akawaahidi mashabiki kwamba wakinunua asilimia 65 ya vyumba maalumu vya uwanja wa klabu uliokuwa unajengwa upya, atavaa jezi tena. Wakanunua. Mwaka 2017, rais akiwa na miaka 42, akaingia uwanjani kwenye mechi za Copa Libertadores. Sijui kama kuna mwenyekiti wa klabu huku kwetu anayeweza kujaribu hilo. Ningependa kuona.

Uwanja wenyewe uliisha?

Uliisha. Timu ilikuwa imeacha kuutumia 2005, ukafunguliwa tena Novemba 2019. Siku ya ufunguzi, waliotazama kwenye televisheni waliona simba mkubwa wa moto, wa kutengenezwa kwa kompyuta, akitembea juu ya paa na kushuka uwanjani. Simba ni alama ya klabu. Watu wa Msimbazi waliisambaza video ile kama yao.

Gabriel Veron wa Brazil ni mwanawe?

Hapana. Kwake Veron ni jina la kupewa, si la ukoo.

Nikitaka kumwona kwa mara ya kwanza, nianze na mechi gani?

Usianze na video za mabao, hakuwa mfungaji. Tafuta dabi ya Roma ya Machi 2000, dakika 90 zote, na umtazame yeye tu hata mpira ukiwa mbali. Angalia anavyogeuza shingo kabla ya kupokea. Kisha nenda Mineirão 2009, uruke hadi dakika ya 73, na kabla hajapiga ile kona simamisha picha.